Ushanga wa Misafara na Chumvi za Majimaji

Zamani za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe alichukua mzigo wa ratli 70 hivi, yaani yapata kilo 32. Kama mzigo wake haukuwa nguo za merikani wala nyaya za shaba, basi aghalabu ulikuwa ushanga. Ushanga ulihesabiwa kwa kete na mafundo, kete 10 kwa fundo moja, nao ulikuwa ndio fedha ya njiani: kwa ushanga watu walinunua mtama, kuku na maziwa. Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora, pamoja na John Hanning Speke mwezi wa Novemba 1857, aliandika kwamba aina za ushanga katika biashara hii zilikuwa kama 400. Uliopendwa kupita wote ni samisami, mwekundu nje na mweupe ndani. Burton asema watu waliupa majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja mji, kwa sababu mtu aliweza kutoa chakula chake cha jioni ili aupate. Henry Stanley, alipokuwa akinunua vitu vyake Unguja mwaka 1871 ili aende kumtafuta David Livingstone, alipata taabu kubwa ya kuchagua, kwa maana ushanga mweusi uliopokewa Ugogo ulikuwa haufai kitu kwingineko, na sokoni Ujiji watu walitaka sofi, ushanga mfano wa vipande vya mrija wa kiko.

Njia hiyohiyo, ikitoka Tabora kwenda Ujiji, ilipita Uvinza, karibu na pale mto Ruchugi unapoingia katika Malagarasi. Pale zimo chemchemi za maji ya chumvi. Watu wamekuwa wakichemsha maji hayo na kupata chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na chumvi ya Uvinza ilichukuliwa mbali sana pande zote.

Basi hapa tuna mizigo miwili iliyokutana katika njia moja, chumvi na ushanga. Yote miwili imefanywa kwa ayoni. Lakini mmoja hutii sheria ya kuganda, na mwingine haitii, na tofauti hiyo ndiyo nitakayojaribu kuieleza hapa. Si jambo la zamani tu. Leo wako wataalamu wa kemia wanaotengeneza chumvi ambazo ni majimaji hata penye baridi, na swali linalowasumbua ndilo lile ambalo ushanga wa bibi zetu umekuwa ukilijibu kimya kimya.

Kwanza chumvi. Ayoni ni atomu, au kundi la atomu, iliyopoteza elektroni au iliyopata elektroni ya ziada, hata ikawa na chaji ya umeme. Katika chumvi ya Uvinza ayoni za sodiamu zina chaji chanya, na za klorini zina chaji hasi. Za chaji mbili huvutana, za chaji moja husukumana. Maji yakikauka chunguni, ayoni hizo hujipanga safu kwa safu, moja chanya, moja hasi, juu, chini na kando, kama askari katika gwaride. Mpango huo huitwa fuwele, na ndiyo sababu punje ya chumvi ukiitazama kwa kioo cha kukuzia ina pande nyofu na pembe kama kisanduku. Ukiipasha moto chumvi, haibadiliki umbo mpaka ifike digrii 801 za sentigredi. Hapo safu zavunjika zote, nayo yawa majimaji. Ikipoa, yarudi safuni palepale penye 801. Hakuna ubishi.

Sasa ushanga. Kioo cha ushanga hutengenezwa kwa mchanga mweupe, soda na chokaa. Mchanga ni silika, yaani silikoni na oksijeni zilizoshikana mikono na kufanya wavu mkubwa. Soda, ambayo ni ndugu ya magadi ya ziwa Magadi kule Kenya, huleta ayoni za sodiamu, na hizo hukata nyuzi za wavu hapa na pale ili mchanga uyeyuke upesi zaidi. Chokaa huleta ayoni za kalisi ambazo hukaza wavu usije ukayeyuka katika maji. Mchanganyiko huu ukiwa moto sana ni majimaji mazito ya ayoni. Ukipoa pole pole, haufiki mahali pa kuganda ghafula. Huzidi kuwa mzito, mzito tena, mpaka siku moja ukiugonga unalia kama jiwe. Ni lini ulipoacha kuwa majimaji? Jibu si rahisi, na mafundi wa Murano, karibu na Venice, ambako ushanga mwingi wa misafara ulitoka, waliishi kwa jambo hilo.

Kazi yao ilikuwa hivi. Fundi alichota donge la kioo cha moto kwa fimbo ya chuma, akalitia tundu la hewa katikati. Mwenzake akashika upande wa pili kwa fimbo nyingine, kisha wote wawili wakatimua mbio, huyu huku na huyu kule, donge likavutika likawa mrija mwembamba mrefu wenye tundu lile lile ndani. Mrija ulipopoa ulikatwa vipande vidogo. Vipande vilikuwa na kingo kali, basi vilichanganywa na unga wa chokaa na makaa, vikatiwa katika chombo juu ya moto na kuzungushwa mpaka kingo zikalainika na kuwa mviringo. Unga ule uliingia katika matundu ili yasizibe. Kitu chenye tabia ya chumvi kisingeweza kufanyiwa haya hata kidogo, kwa maana ama kingekuwa kigumu kabisa, ama kingemwagika kama maji. Hakuna katikati. Kioo kina katikati, tena ndefu.

Urefu wa katikati hiyo tunaweza kuupima kwa mnato, yaani uzito wa kumiminika. Asali yetu ya miombo ina mnato mkubwa kuliko maji, yapata mara 10,000. Kioo cha soda na chokaa kikifika digrii 550 hivi, mnato wake ni mara bilioni 100 kuliko asali. Wataalamu wamepatana kwamba penye mnato kama huo tuseme majimaji yamegeuka kioo, na joto la hapo huitwa joto la mgeuko wa kioo. Ni mapatano, lakini hayakutoka hewani. Kwa mnato huo, chembe za majimaji huhitaji dakika nzima au zaidi ili zigeuke na kujipanga upya. Ukiendelea kupoza, zitahitaji saa, kisha siku, kisha miaka, na wewe huna nafasi ya kuzingoja. Zinabaki mahali zilipokutwa, ovyo ovyo, bila safu. Kwa hiyo mgeuko wa kioo hauko mahali pamoja pasipobadilika kama 801 ya chumvi. Ukipoza upesi, chembe hukwama mapema kidogo, penye joto la juu zaidi. Ukipoza taratibu, hukwama baadaye. Fundi ajua hivyo, ndiyo maana hukipoza kioo chake polepole karibu na mpaka huo, kwa sababu kikipozwa haraka huwa na mvutano ndani na hupasuka.

Mwenye kutaka kuona kwa macho yake na atumie sukari. Sukari haina ayoni, lakini kwa jambo hili tabia yake ni ile ile. Ichemshe na maji kidogo sana mpaka maji yakaribie kwisha, kabla haijaungua, kisha dondosha matone katika sahani ya chuma iliyo baridi. (Wadogo wafanye mbele ya mtu mzima, maana sukari ya moto hushika ngozi na kuunguza vibaya.) Matone yatakuwa magumu na yenye kung'aa kama kioo, nayo ni kioo kweli. Sukari kavu hugeuka kioo penye digrii 60 hadi 70. Sasa yaache wazi wakati wa masika. Yatavuta unyevu wa hewa, unyevu utashusha joto la mgeuko mpaka chini ya joto la chumbani, matone yatalainika na kunata, na baada ya siku chache yatapata ukungu mweupe. Ukungu huo ni fuwele. Chembe zimepata nafasi ya kutembea, zikakumbuka safu zao.

Hapa lazima nigusie neno linalosemwa sana, hata na watu wenye elimu, kwamba kioo ni majimaji yanayoendelea kumiminika polepole, na kwamba vioo vya madirisha ya makanisa ya kale huko Ulaya ni vinene chini kwa sababu vimemiminika. Si kweli. Vioo vile vilikuwa na unene usio sawa tangu vilipotengenezwa. Ushahidi tunao karibu. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 walipata shanga za kioo zilizolala ardhini mamia ya miaka, na matundu yao yako wazi, uzi unapita. Katika chombo cha moto cha Murano tundu lile lingeziba kwa muda mfupi kama si unga wa chokaa. Katika ardhi ya Kilwa halikuziba kwa karne nyingi. Wavu wa silika umesimama, na umesimama kweli.

Lakini je, vyote vilivyomo ndani ya wavu vimesimama? Hapa ndipo penye utamu wa habari hii.

Mwaka 1884 Emil Warburg, mtaalamu wa Kijerumani, alipitisha umeme katika kioo kilichotiwa moto, moto usiofika kukilainisha. Umeme ulipita, na Warburg akaonyesha kwamba waliouchukua walikuwa sodiamu. Sodiamu ilitembea ndani ya kioo kigumu, kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, na kioo kikabaki na umbo lake. Yafikirie mambo ya sokoni siku ya gulio, watu wamejaa hata wazee wenye magunia kichwani hawawezi kugeuka wala kurudi nyuma. Watu wazima wamekwama. Lakini watoto wanapita chini ya magunia na katikati ya miguu, wananunua karanga na kurudi. Silika ndio watu wazima. Sodiamu ndio watoto. Penye digrii 550 wavu hukwama, lakini sodiamu haina habari. Huendelea kuruka toka tundu hata tundu, mara chache na chache zaidi kadiri joto linavyopungua, bali haikomi kabisa hata katika joto la Tabora mwezi wa Juni.

Mzazi mwenye ushanga wa zamani nyumbani ana sababu ya kulijali jambo hili. Kioo chenye soda nyingi na chokaa haba huweza kuugua. Unyevu ukikaa juu yake, ayoni za sodiamu zilizo karibu na uso hutoka, na haidrojeni ya maji huingia mahali pao. Sodiamu iliyotoka hufanya utando wa magadi juu ya ushanga, na magadi yakiwa makali huanza kuula wavu wenyewe. Utaona ushanga unanata au unatoka jasho, au una unga mweupe, au nyufa ndogo ndogo zimejaa, na uzi unaoza kabla ya wakati wake. Watu husema ni uchafu, wakaulowesha katika maji ya sabuni usiku kucha. Hivyo ndivyo unavyoharibiwa. Ushanga wa namna hiyo na ufutwe upesi kwa kitambaa safi chenye maji kidogo, ukaushwe vizuri, utungwe kwa uzi mpya, ukawekwe mahali pakavu penye hewa, si katika mfuko wa plastiki uliofungwa ukiwa na unyevu. Si kila ushanga una ugonjwa huu. Ushanga mmoja waweza kuwa mzima na jirani yake katika uzi huo huo akawa anatoka jasho, kwa kuwa walitoka katika tanuru mbalimbali.

Sasa turudi kwa chumvi, lakini si ile ya Uvinza. Mwaka 1914 Paul Walden, mtaalamu aliyezaliwa katika nchi ya Latvia ya leo, alieleza chumvi moja inayoyeyuka penye digrii 12 hivi tu. Katika Tabora chumvi hiyo ingekuwa majimaji karibu mwaka mzima. Haina maji ndani yake hata tone. Ni ayoni tupu zinazomiminika. Kwa miaka mingi watu waliiona kama kioja, lakini tangu miaka ya 1990 zimetengenezwa chumvi za majimaji za aina nyingi sana, nazo zina sifa njema: hazitoki mvuke upesi, nyingi haziwaki moto kwa urahisi, na hupitisha umeme.

Kwa nini haziingii safuni? Kwa sababu ayoni zake ni kubwa na umbo lake halilingani. Mwenye kupanga masanduku ya sabuni ghalani ataweka safu mpaka darini. Mpe pembe za ndovu, mitungi na mikungu ya ndizi pamoja, uone kama atapata safu. Chaji nayo imetapakaa katika ayoni nzima, hivyo kuvutana kwao si kwa nguvu kama kwa sodiamu na klorini. Kwa hiyo nyingi ya chumvi hizi, zikipozwa upesi, hazifanyi fuwele. Hufanya kama kioo cha ushanga: huzidi kuwa nzito mpaka zikwame. Tofauti ni kwamba mgeuko wao wa kioo si penye digrii 550, bali mara nyingi ni kati ya digrii 70 na 100 chini ya sifuri.

Tena namna zinavyokaribia mpaka huo si sawa. Austen Angell, mtaalamu wa Australia aliyefundisha Marekani, aligawa majimaji ya namna hii sehemu mbili, imara na dhaifu. Asije mtu akadhani dhaifu maana yake ni rahisi kuvunjika. Maana yake ni kwamba mnato hubadilika kwa kishindo joto likibadilika kidogo. Kioo cha ushanga, kikiwa karibu na mgeuko wake, huhitaji kupozwa yapata digrii 20 ili mnato uongezeke mara 10, na ndio ule muda mrefu alionao fundi wa kukivuta na kukipinda. Chumvi za majimaji zilizo nyingi ni dhaifu: zikiwa karibu na mpaka, digrii mbili tatu tu zatosha kuongeza mnato mara 10. Wavu wa silika umeshikana mikono kila upande, nao hulegea kidogo kidogo. Chumvi za majimaji hazina wavu, ni umati unaosukumana tu, na umati hukwama wote kwa pamoja.

Hapo ndipo tatizo la leo lilipo. Walden mwenyewe alikuwa ameona, mwaka 1906, kwamba katika majimaji yenye ayoni umeme hupungua kwa kadiri ile ile mnato unavyozidi. Ni haki, kwa maana ayoni ikitembea yapaswa kusukuma majirani zake, na majirani wazito humchelewesha. Chumvi nyingi za majimaji huifuata kanuni hiyo karibu sana, hata zinapokaribia kuwa kioo. Wakubwa wakikwama, wote wamekwama, na umeme hukaribia kukatika. Ushanga haufuati. Wavu wake ukisha kukwama, sodiamu huendelea kupita kana kwamba mnato ule wa kutisha hauihusu. Wataalamu husema kwamba katika kioo cha ushanga mwendo wa ayoni umeachana na mwendo wa umati.

Watengenezaji wa betri wanautamani mwachano huo. Majimaji yaliyomo katika betri nyingi za lithiamu za simu huweza kuvuja na kushika moto. Ingefaa sana pawe na kitu kigumu kisichovuja, ambacho ayoni ndogo za lithiamu zinapita ndani yake kama watoto wa gulio. Basi wamejaribu kuzifunga ayoni kubwa za chumvi ya majimaji katika mnyororo mrefu, kila moja ikishika mkono wa mwenzake, na kuziacha ndogo huru. Mnyororo hukwama mapema, wakati bado kuna joto, na ayoni ndogo huendelea kupita. Kwa maneno mengine wameipa chumvi ya Walden wavu, ili iwe na tabia ya ushanga. Mwachano umepatikana kweli, nao umepimwa katika vitu vingi vya namna hii. Ila katika joto la kawaida la chumbani vingi vyao bado hupitisha umeme mdogo kuliko chumvi ile ile ikiwa majimaji, kwa kuwa matundu ya kupitia ni membamba na mnyororo wenyewe huzivuta ayoni ndogo zisiende. Kazi inayoendelea ni kuyapanua matundu hayo bila kuulegeza wavu.